Ukikatwa Utumbo, Usikimbilie Kisu cha Pili

Mgonjwa aliyeondolewa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba anaweza kunywa lita nne za maji kwa siku na bado akakauka mpaka figo zikaanza kugoma. Ndugu zake wanamwona macho yameingia ndani, midomo imepauka, ulimi mkavu, na wanafanya ambalo kila mwenye huruma angelifanya: wanamwongezea maji. Anavyozidi kunywa ndivyo mfuko wa tumboni unavyozidi kujaa, na ndivyo anavyozidi kukauka. Mwisho familia inamfuata daktari na ombi moja, kwamba mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji, utumbo uunganishwe, yaishe.

Makala haya ni ya familia hiyo. Utumbo ulioshindwa kazi hutibiwa kwa upasuaji, ndiyo, lakini upasuaji huo hukaa mwisho wa foleni. Mbele yake kuna usaha wa kuondolewa, chumvi ya kurudishwa, mwili wa kulishwa, ngozi ya kulindwa na picha za kupigwa ili daktari ajue anakokwenda. Mgonjwa anayerushwa foleni mara nyingi hutoka kwenye kisu cha pili akiwa na utumbo mfupi kuliko alioingia nao.

Kwetu Afrika Mashariki safari hii huanza kwa njia zinazojulikana. Homa ya matumbo imetoboa utumbo. Ngiri imebana na mtu akakaa nayo nyumbani siku tatu akitumaini itarudi. Utumbo umejisokota, au kifua kikuu kimeingia tumboni, au ni kisu, risasi, pikipiki. Daktari wa zamu anafungua tumbo saa nane za usiku, anakuta utumbo umekuwa mweusi, anakata uliokufa. Akiona hali ni mbaya haungi ncha mbili pale pale. Anaitoa ncha ya juu nje ya ngozi, na mgonjwa anaamka akiwa na tundu tumboni na mfuko juu yake. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia madaktari wakilaumiwa kwa tundu hilo: kuunga utumbo ndani ya tumbo lililojaa uchafu, kwa mgonjwa aliyekwisha nguvu, ndiko kunakoleta mshono kuachia na majimaji ya utumbo kuvuja. Tundu limewaokoa wengi.

Mwaka 2015 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa lishe ya wagonjwa, ESPEN, ilieleza hali hii hivi: utumbo umeshindwa kazi pale unapofyonza chakula, au maji na chumvi, chini ya kile kiwango cha chini kabisa ambacho mwili unakihitaji, hata mtu alazimike kuongezewa kwa mshipa. Kuna kushindwa kwa siku chache, ambako humpata karibu kila aliyefunguliwa tumbo na hupita kwenyewe. Kuna kwa wiki hadi miezi, na hapo ndipo walipo wagonjwa ninaowaandikia. Na kuna kwa miaka, pengine kwa maisha yote.

Kitu cha kwanza cha kuomba kabla ya kutoka hospitali ni nakala ya maelezo ya upasuaji. Msiridhike na karatasi ya ruhusa peke yake, ile yenye jina la ugonjwa na orodha ya vidonge. Muulizeni daktari, kwa adabu lakini bila haya: zimebaki sentimita ngapi za utumbo mwembamba? Utumbo mpana upo wote? Ile vali inayotenganisha utumbo mwembamba na mpana imebaki? Ncha ya chini iko wapi, imefungwa ndani au imetolewa nje? Urefu wa utumbo mwembamba hutofautiana sana, mtu mmoja ana mita 3 na ushei, mwingine ana zaidi ya 8. Kwa hiyo kuambiwa “tulikata mita moja na nusu” hakumsaidii daktari atakayefuata. Kinachoamua ni kilichobaki.

Chini ya sentimita 200 huitwa utumbo mfupi. Mwenye tundu aliyebakiwa na chini ya sentimita 100 hivi, kwa kawaida hawezi kuishi kwa kinywa peke yake. Atahitaji dripu kwa muda mrefu. Lakini mgonjwa huyohuyo utumbo wake ukiunganishwa na utumbo mpana, anaweza kumudu kwa sentimita 60 na kitu, na kama vali na utumbo mpana wote vimo, hata 35 zinaweza kutosha. Utumbo mpana hunyonya maji na chumvi, na bakteria walioko humo huvunja mabaki ya wanga yakawa nishati inayoingia mwilini. Kuunganisha kunaweza kubadili maisha ya mtu bila kumwongezea hata sentimita moja. Ndiyo sababu kazi hiyo haifai kufanywa kwa pupa.

Turudi kwenye maji, maana hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoharibikiwa wakiwa mikononi mwa watu wanaowapenda.

Kuta za sehemu ya juu ya utumbo mwembamba hupitisha maji na chumvi kwa urahisi, kwenda na kurudi. Kinywaji chenye chumvi kidogo kikifika hapo, utumbo huvuta chumvi kutoka kwenye damu ili kusawazisha, na maji huifuata chumvi. Mtu mwenye utumbo mzima hazioni hasara hizo. Sehemu za chini hurudisha kila kitu. Mwenye tundu la juu hana sehemu za chini zinazofanya kazi. Lita moja ya majimaji yanayoingia kwenye mfuko wake hubeba karibu milimoli 100 za sodiamu, sawa na gramu 6 hivi za chumvi ya mezani. Anayetoa lita tatu kwa siku amepoteza gramu 18, na hakuna maji matupu yatakayozirudisha.

Shangazi anaingia wodini na chupa ya lita moja na nusu ya madafu, ameyatafuta asubuhi, yamekatwa mbele ya macho yake. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Chai ya rangi, juisi ya pasheni, soda, maji ya chupa, vyote kwa mgonjwa huyu vina kasoro ileile, na soda na juisi zina sukari nyingi inayovuta maji zaidi. Msimfokee shangazi. Mpokeeni, mshukuruni, madafu wayanywe watoto. Mgonjwa ambaye mfuko wake unatoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, vinywaji vyote vya aina hiyo visizidi nusu lita, au lita moja kwa ruhusa ya daktari. Kiu iliyobaki inatulizwa kwa maji ya chumvi na glukosi.

Mchanganyiko unaotumika sana ni wa Hospitali ya St Mark's ya London, nao ulitokana na dawa ya kipindupindu ya Shirika la Afya Duniani: glukosi ya unga gramu 20, chumvi gramu 3.5, bikaboneti ya soda gramu 2.5, ndani ya lita moja ya maji safi. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo nendeni duka la dawa lenye mizani, mfamasia awapimie kila kitu, mkitie kwenye kijiko chenu wenyewe na muone kinafika wapi. Kijiko hicho kisitumike kwa kazi nyingine. Bikaboneti ya soda iwe ile safi ya kupikia. Bekingi pauda ya keki si hiyo, na magadi ya kulainishia maharage si hiyo. Jagi liwe la plastiki lenye alama za mililita. Asubuhi changanyeni lita moja, iwekwe kwenye jokofu au ndani ya mtungi wa udongo mahali penye kivuli, mgonjwa anywe kidogo kidogo kutwa nzima kwa mrija, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Ladha yake haipendezi. Ubaridi husaidia, na tone la ndimu pia.

Pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuharisha, zinazogawiwa zahanati zilipunguzwa chumvi na sukari tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zina milimoli 75 za sodiamu kwa lita, na kwa mtoto anayeharisha hicho ndicho kipimo kinachofaa. Mchanganyiko wa St Mark's unafika 90. Kama ORS ndiyo pekee iliyopo, muulizeni daktari iongezwe chumvi kiasi gani. Na mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asianze chumvi hii kwa kusoma gazeti.

Vipimo vya nyumbani vya kujua kama mambo yanakwenda ni vitatu: kilichoingia, kilichotoka mfukoni, na mkojo. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Mkojo ukiwa chini ya mililita 800 kwa siku, au umekuwa mweusi kama chai, mgonjwa anakauka hata kama anakunywa. Kizunguzungu anaposimama ni dalili hiyohiyo. Misuli kukakamaa na vidole kufa ganzi huweza kuwa magnesiamu imeshuka. Hiyo haijulikani kwa kumtazama, hupimwa damu. Mpimeni uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Mwili ukipungua kilo mbili kwa siku mbili, hayo ni maji yaliyopotea, si nyama.

Dawa zina mpangilio wake. Loperamide humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, kwa sababu kazi yake ni kupunguza mwendo wa utumbo kabla chakula hakijafika. Dozi za wagonjwa hawa mara nyingi huzidi maandishi ya boksi, kwa hiyo apange daktari anayejua, na moyo uchunguzwe zikipanda sana. Omeprazole hupunguza majimaji ya tumbo la chakula, ambayo huongezeka katika miezi ya mwanzo baada ya kukatwa utumbo. Mkiona kidonge kimetoka kizima ndani ya mfuko, msikitupe kimya kimya: mwambieni daktari. Hili lina uzito kwa anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu, za kifafa, au vidonge vya kuzuia mimba. Utumbo mfupi huenda haufyonzi dawa ya kutosha, na CTC, yaani kliniki inayogawa ARV, haitajua kama hamkuwaambia kwamba mteja wao amekatwa utumbo. Ombeni wingi wa virusi upimwe mapema kuliko ratiba ya kawaida.

Wakati wa Ramadhani huko pwani, mwenye mfuko unaotoa maji mengi asifunge. Sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na saa 13 bila maji ya chumvi zinaweza kumpeleka kwenye mashine ya figo.

Usaha sasa. Mgonjwa aliyedhoofika huenda asipate homa kabisa. Anakonda tu, anakuwa wa manjano machoni, anachanganyikiwa kidogo usiku, hamu ya kula inakatika. Mgonjwa wa namna hiyo aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo apigwe picha, ultrasound au CT, kutafuta usaha uliojificha chini ya kiwambo au kwenye nyonga. Ukipatikana, mara nyingi hutolewa kwa sindano na mrija bila kulifungua tumbo upya. Familia nyingi huuliza kwa nini mgonjwa anakula lakini hanenepi. Maadamu usaha umo, chakula hakijengi mwili, kinachochea moto. Na akianza kulishwa baada ya kukaa siku nyingi bila kula, aanze kidogo kidogo, akipewa vitamini B1 kwanza, maana kumjaza chakula kwa ghafla huvuruga chumvi za damu na kumewahi kuua.

Kwa nini basi tusubiri kuunganisha? Fungua tumbo siku chache baada ya upasuaji wa kwanza, matumbo bado yanateleza. Lifungue wiki ya tatu, na utakuta yamegandana kama saruji iliyoanza kukauka: huoni mwanzo wala mwisho, kila unapovuta unatoboa. Matundu mapya ya namna hiyo ndiyo yanayozaa fistula, yaani njia isiyo rasmi ambayo uchafu wa utumbo hupita mpaka kwenye ngozi au katikati ya kidonda. Madaktari wa upasuaji huu husubiri isipungue miezi 3 tangu upasuaji wa mwisho, na wengi hupendelea 6. Dalili za tumbo lililo tayari mnaweza kuziona wenyewe: ngozi inakunjika mkiifinya, tumbo linabonyea laini, na tundu linaanza kuchomoza nje badala ya kuzama. Mgonjwa awe amerudisha uzito na anatembea bila kushikiliwa. Fistula nyingine hujifunga zenyewe, kama usaha umekwisha na njia ya chini haijaziba, na zinazojifunga kwa kawaida hufanya hivyo ndani ya wiki sita za mwanzo.

Miezi hiyo mgonjwa ataishi vipi? Kabla ya miaka ya 1960 swali hilo halikuwa na jibu. Mwaka 1968 Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walichapisha habari za watoto wa mbwa waliokua na kunenepa kwa kulishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu tu, na tangu hapo binadamu wamelishwa hivyo, wengine kwa miaka mingi, nyumbani kwao Uingereza na Marekani. Kwetu chupa za chakula hicho cha mshipa zipo katika hospitali chache, bei yake inaumiza, na mrija unaokaa kwenye mshipa mkubwa ukishikwa bila usafi huingiza vijidudu moja kwa moja kwenye damu. Mgonjwa mwenye mrija huo akitetemeka kwa baridi mara tu dripu inapofunguliwa, ifungeni, aonwe saa hiyohiyo.

Kuna njia ya bei ndogo ambayo nadhani hospitali zetu zingeweza kuitumia zaidi. Kama ncha ya chini ya utumbo nayo imetolewa nje, na picha yenye dawa ya rangi imethibitisha kwamba huko chini hakujaziba wala hakuvuji, majimaji ya tundu la juu hukusanywa yakiwa mabichi, huchujwa, na kuingizwa kwa mrija laini kwenye tundu la chini. Utumbo uliolala unapata kazi, maji na chumvi vinarudi mwilini, na siku ya kuunganishwa ncha ya chini haijasinyaa. Kinachohitajika ni mrija, sirinji kubwa na muuguzi mwenye subira. Muulizeni daktari kama mgonjwa wenu anafaa.

Chakula cha mwenye tundu kiwe na nishati nyingi na makapi kidogo: ugali wa sembe badala ya dona, wali mweupe, viazi, mayai, samaki asiye na miba, ndizi mbivu iliyopondwa. Mafuta hayamdhuru, yatampa nguvu. Chumvi iongezwe mezani. Mahindi ya kuchoma, kisamvu, embe la nyuzi na maganda ya maharage vingoje. Asinywe huku anakula. Apishanishe nusu saa.

Ngozi inataka umakini wa fundi cherehani. Majimaji ya utumbo mwembamba yana vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama, na hayachagui nyama ya nani. Pimeni tundu kwa karatasi ngumu, kateni mlango wa mfuko uzidi tundu kwa milimita 2 au 3 tu. Tundu hunywea kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo mlango uliokatwa mwezi uliopita leo ni mkubwa, na ngozi iliyobaki wazi ndiyo inayochubuka. Osheni kwa maji ya vuguvugu bila spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, kausheni kwa kugusagusa, bandikeni, kisha kiganja kikae juu dakika chache ili joto lishikishe gundi. Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja. Ukingoja ujae, uzito wake utaubandua usiku. Mifuko ikikosekana, krimu ya zinki hukinga ngozi, ila siku mkipata mfuko ifuteni yote, gundi haishiki penye mafuta.

Siku ya upasuaji ikikaribia, ulizeni kama picha za dawa ya rangi zimepigwa kutoka juu na kutoka chini. Daktari asiyejua urefu wa kila kipande na mahali palipobana atayatafuta hayo mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, na saa zinakwenda. Ulizeni pia nani atapasua. Kazi hii huchukua saa nyingi, na hapa ningesafiri kwenda hospitali ya rufaa yenye bingwa aliyeizoea, hata kama ya mkoani wako tayari kuifanya wiki hii.

Mtasikia habari za kurefusha utumbo. Adrian Bianchi wa Manchester alieleza mwaka 1980 namna ya kuupasua utumbo uliotanuka kwa urefu wake na kuutengeneza mirija miwili inayofuatana. Mwaka 2003 madaktari wa Boston wakaleta njia ya kuukata kwa stepla ya upasuaji, mara upande huu mara upande ule, mpaka ukawa na umbo la zigizaga. Zote mbili zinataka utumbo uliokwisha kutanuka, na hufanywa zaidi kwa watoto, baada ya miezi au miaka ya kungoja. Kupandikizwa utumbo wa mtu mwingine kupo pia, kwa wale ambao kulishwa kwa mshipa kumewashinda. Dawa zake ni nzito na za maisha. Mtu akiwaambia muuze shamba mumpeleke nje ya nchi kwa hilo mwezi wa pili baada ya kukatwa utumbo, msiuze. Utumbo uliobaki huendelea kujifunza kazi, kwa muda unaofika hata miaka miwili.

Baada ya kuunganishwa, wiki za mwanzo mgonjwa ataharisha, na hilo si ishara kwamba upasuaji umeharibika, mradi hana homa wala tumbo halijavimba. Masharti ya chakula nayo hugeuka. Sasa utumbo mpana uko kazini: mafuta yapunguzwe, wanga uongezwe, na mchicha, karanga na chai ya rangi nzito vipunguzwe, kwa kuwa vina okzaleti ambayo kwa watu hawa hufyonzwa kupita kiasi na kutengeneza mawe kwenye figo. Aliyeondolewa zaidi ya sentimita 60 za mwisho wa utumbo mwembamba hawezi tena kufyonza vitamini B12 ya kutosha kwenye chakula. Atachomwa sindano yake kila miezi mitatu, maisha yake yote. Iandikeni kwenye jalada la lile daftari, pamoja na sentimita zilizobaki, na ile nakala ya maelezo ya upasuaji ibandikwe ndani kwa gundi, ili hata akihamia mkoa mwingine nesi wa zahanati mpya aione siku ya kwanza.